Kulima Tumaini Mwezi wa Februari
Mbinu saba za kuishi imani siku vyuma vinapokaza

Februari mmoja nilishuka kwenye gari katika barabara ya Laela, nikakata njia ya mguu hadi kwa shangazi yangu. Alikuwa amefiwa na mumewe miezi mitatu nyuma. Nilidhani nitamkuta mkekani, ndani, na majirani wamemzunguka. Nilimkuta shambani, kanga kiunoni, jembe mkononi, anapiga matuta.

Aliyekulia kwenye uwanda wetu wa Ufipa anayajua matuta haya, yanayoitwa intumba. Hayafanani na matuta marefu ya viazi. Ni ya mviringo, kama vichuguu vilivyokatwa vichwa. Udongo ukiwa bado na maji na nyasi zikiwa bado mbichi, mkulima anazunguka akikwatua, anazigeuza nyasi ziingie ndani na kuzifunika kwa udongo. Juu anapachika maharage. Kiangazi chote nyasi zinaoza humo ndani pasipo mtu kuziona. Mvua za Novemba zikianza, tuta linabomolewa, udongo wake mweusi unasambazwa, na hapo ndipo ulezi au mahindi yanapopandwa. Wazee walishiba kwa ufundi huu kabla mbolea ya mifuko haijafika uwanda huu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mvua."

"Shangazi, mwaka huu si ungepumzika kidogo?"

Hakuliweka jembe chini. "Nyasi hazijui kwamba nimefiwa. Nisipozifukia sasa, Novemba nitapanda juu ya nini?"

Tangu siku ile nimeacha kungoja tumaini linijie lenyewe kama mgeni. Nalilima. Na nimejifunza kwamba msimu wa kulilima ni huu huu ambao hakuna cha kuvuna: Februari, ghala limebaki vumbi, mahindi ya shambani bado machanga, na mkononi hakuna hata nauli ya kwenda mjini. Mwaka 2025 Wakatoliki duniani kote waliadhimisha Jubilei iliyobeba jina la Mahujaji wa Matumaini. Januari 2026 Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro ukafungwa, na sisi tukabaki na Februari zetu. Mbinu zifuatazo ni za Februari hizo. Mimi ni Mkatoliki, lakini Mmoraviani, Mlutheri au Mpentekoste atazielewa bila mkalimani.

1. Mwambie Mungu jambo lenyewe

Wengi tumefunzwa adabu ya sala hadi tukasahau kusema tuliloendea. Mtu ana mkopo wa kausha damu, na mwenye fedha ameshaapa kuja kubeba kitanda na televisheni. Akipiga magoti usiku anashukuru kwa zawadi ya uhai, anawaombea viongozi wa nchi, anasema amina. Deni halikutajwa. Analala nalo, anaamka nalo, kisha anajiuliza mbona sala haimpi nafuu.

Fungua Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu. Mtunzi wake anamuuliza Mungu mara nne hali hii itakwenda mpaka lini, wala haombi radhi kwa kuuliza. Ni mwishoni ndipo sauti inabadilika akaanza kuimba. Hakuruka hatua ya kwanza ili aonekane ana imani.

Fanya hivi: taa ikishazimwa, sema sentensi moja yenye namba au jina ndani yake. "Bwana, nadaiwa laki tatu na nusu ya mbolea, na sina." "Bwana, mwanangu yuko machimboni, huu ni mwezi wa pili hajapiga simu." Kisha nyamaza kwa muda wa pumzi kumi. Usiharakishe kumalizia kwa neno la kujifariji ambalo hujaliamini. Usiku ule kwa shangazi sala yake ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kusikia nyumbani kwao. Alimwambia Mungu kwamba nyumba imekuwa kubwa mno. Akanyamaza, kisha akatupakulia ugali.

2. Ifunge sala kwenye kazi unayoifanya tayari

Kila Januari tunaweka nadhiri ya kuamka saa kumi alfajiri kusali saa nzima. Nadhiri hiyo huwa inafika Jumatano. Baridi ya Sumbawanga inajulikana, na mtu aliyelala na njaa hawezi kuanzisha desturi mpya kwa nguvu za mabega. Afadhali aipachike sala juu ya jambo ambalo litafanyika hata akiwa hana moyo.

Kanisa lilikwishaijua mbinu hii. Kengele ya Malaika wa Bwana hulia mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na jioni, na aliyeko shambani husimama palepale. Wamoraviani wana njia yao: kitabu chenye neno la Maandiko kwa kila siku ya mwaka, ambacho ndugu zao wa Herrnhut, Ujerumani, walianza kukichapisha mwaka 1731 na hakijakoma kutoka. Njia zote mbili ni fupi, zina saa yake, na hazimuulizi mtu leo anajisikiaje.

Tafuta kengele yako. Inaweza kuwa kuwasha jiko, kukaa kwenye boda ukingoja abiria stendi, au foleni ya mashine ya kusaga. Mimi yangu ni ya mashineni. Mlio ule unameza maneno yote, hakuna anayekusikia, na unga wa watu waliokutangulia unakutanda kwenye nyusi. Pale nasali Baba Yetu polepole, na nikifika kwenye ombi la chakula nasimama kidogo. Ombi lile linahusu chakula cha leo. Halikugusa cha mpaka mavuno. Mtu mwenye debe moja la mahindi anaweza kuliomba bila kujidanganya.

3. Weka daftari la madeni

Kila duka la mtaani lina daftari lake la madeni, lenye kurasa zilizokunjamana na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mwenye duka haitegemei kumbukumbu kwa sababu anajua kumbukumbu humpendelea mwenyewe. Imani nayo inahitaji daftari. Njaa ina tabia ya kufupisha kumbukumbu: ikikubana wiki mbili, unaona kana kwamba hujawahi kusaidiwa tangu uzaliwe.

Nunua daftari la kurasa arobaini. Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika tarehe na ulichoomba. Kulia andika kilichotokea. Sharti ni moja: andika ukweli, hata jibu likiwa hapana. Ukurasa wangu mmoja, wa mwaka ambao bei ya mahindi ilianguka, unasomeka hivi kushoto: "Bei ipande kabla sijauza." Kulia: "Haikupanda. Nimeuza kwa hasara." Chini yake, kwa wino mwingine: "Jirani kaleta madebe mawili ya ulezi, sikumwomba." Sidai kwamba madebe yale yalifidia hasara. Hayakufidia. Lakini yalifika, na kama nisingeandika ningekuwa nimeyasahau, hasara ikabaki peke yake ikitoa ushahidi.

Yoshua alipowavusha Waisraeli mto Yordani aliagiza mawe 12 yaokotwe katikati ya mto na kusimamishwa nchi kavu, ili siku moja watoto waulize ya nini. Daftari ndilo rundo lako la mawe. Lisome mara moja kwa mwezi, na Februari lisome kila Jumapili.

4. Nenda jumuiya hasa siku usiyo na kitu

Tangu mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa njia kuu ya kulijenga Kanisa. Uamuzi huo uliujua vizuri uwanda wetu, ambako padre mmoja ana vigango vingi na barabara ya matope, na Jumapili nyingi ni katekista anayeongoza ibada. Kanisa la karibu zaidi na wewe ni zile nyumba kumi au kumi na tano zinazokutana kwa zamu.

Kizuizi cha kwenda jumuiya mara nyingi ni aibu. Huna mchango, kitenge kimechuja, wiki iliyopita hukuja na sasa watauliza. Ndiyo maana nasema nenda siku hiyo hasa. Ukifika, taja hitaji moja, dogo, ambalo mtu anaweza kulishika kwa mkono. Badala ya "mniombee, hali ni ngumu", sema: "Nahitaji mtu wa kukaa na mama Jumanne, nikachukue dawa zake." Hitaji la jumla hupata amina. Hitaji lenye siku yake humpata mtu.

Kama wewe ndiye mwenyekiti, uliza swali moja kabla ya sala ya kufunga: nani hajaonekana wiki mbili? Kisha watumwe wawili, wasiende na maswali ya mchango. Katika Injili ya Marko, sura ya pili, yuko mgonjwa wa kupooza ambaye hatusikii akisema neno lolote. Wanaume wanne walimbeba, wakafungua paa, wakamshusha. Yesu aliitazama imani ya wale wabebaji. Zipo wiki ambazo hutaweza kusali. Mbinu ya wiki hiyo ni kukubali kubebwa kwenye mkeka.

5. Ishi kwa majira

Ukiiweka kalenda ya Kanisa juu ya kalenda ya shamba hapa Ufipa, utashangaa zinavyopokezana. Majilio huja mwishoni mwa Novemba na Desemba, mbegu zikiwa ndio kwanza zinaingia ardhini. Kwaresima huja ghala likiwa tupu na matuta yakipigwa. Pasaka hufika maharage mabichi na mahindi ya kuchoma yakiwa yameanza kuonekana vikapuni. Sisi hatuhitaji kuambiwa kungoja ni nini.

Kila majira yape kazi moja. Majilio, punguza maneno: chagua jambo moja unalolingojea na uache kuwauliza watu kila siku limefikia wapi. Mbegu ikifukuliwa kila asubuhi kuangaliwa haioti. Kwaresima, njaa ya lazima na mfungo wa hiari hugongana, na mwenye nyumba isiyo na chakula asijibebeshe mzigo mwingine wa kufunga, amekwishafunga. Yeye na afunge ulimi, au hasira kwa watoto. Mwenye nacho apime sahani yake na kupeleka nusu jirani, jioni, bila kupiga picha. Pasaka, furahi kwa makusudi. Watu waliozoea shida huogopa kufurahi, wakidhani wataiamsha. Choma mahindi, waite watoto wa jirani, imba. Nayo ni ibada.

6. Yajue matumaini bandia

Jina la mji wetu, Sumbawanga, kama wenyeji wanavyolieleza, lina maana ya kutupa uchawi: sumba, tupa, wanga, uchawi. Mzigo wenyewe bado watu wanauokota. Mtoto akiumwa mara mbili mfululizo, kuna atakayenong'ona jina la bibi mzee wa nyumba ya tatu. Na siku hizi upande wa pili wa barabara yuko mwenye kipaza sauti anayeuza chupa za mafuta na kutaka "mbegu" ya fedha kabla hajakuombea. Wote wawili wanaifanya biashara ile ile: wanamuuzia mtu aliyekata tamaa njia ya mkato.

Ukiletewa tumaini, lipime kwa maswali matatu kabla hujalipokea. La kwanza: linanitaka nimchukie au nimwogope mtu? Tumaini la Kristo halihitaji mchawi wa kumsingizia. La pili: linataka fedha kwanza? Neema ingekuwa na bei, maskini wa Injili wasingepata kitu. La tatu: linanizuia kwenda hospitali, shule au kwa mshauri? Jibu likiwa ndiyo hata kwa swali moja, nyanyuka uondoke. Hasira ukiwa nayo, usiwe nayo kwa jirani yako aliyekwenda kununua chupa; alikuwa na mgonjwa ndani.

7. Mtumikie mtu, na ujue mpaka wa sala

Mjini Sumbawanga kuna hospitali ya Kanisa inayoitwa Dk. Atiman. Watu wanapita getini kila siku, wengi bila kujua aliyebeba jina hilo alikuwa nani. Adrien Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi inayoitwa Mali leo. Akiwa mtoto aliibwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara akiwa mtumwa. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita White Fathers, walimkomboa huko Algeria, na baadaye akasomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, misheni ambayo wamisionari hao waliipokea mwaka 1885. Alioa hapo, akatibu watu na kufundisha dini hapo, na hakuondoka mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 katika kituo kimoja.

Mtoto aliyeuzwa sokoni angekuwa na sababu zote za kuichukia dunia. Atiman alishika kazi iliyokuwa mbele yake: kidonda hiki, homa hii, somo la katekisimu la jioni hii. Nawe ukiona tumaini limekauka, tafuta mtu mmoja aliye chini zaidi yako, umpe saa moja kwa wiki, siku ile ile. Mchotee maji mzee asiye na mtoto. Msomee barua ya benki asiyejua kusoma. Shida yako utaikuta ulipoiacha. Ila utairudia kama mtu ambaye leo amefaa kitu, na hilo hubadilisha namna ya kuishika.

Tena mzingatie Atiman kwa jambo jingine: katekista na tabibu walikuwa mtu mmoja. Sala na dawa zilikaa katika mkono mmoja kwa miaka 67 bila kugombana. Basi kama wiki mbili mfululizo hulali, chakula hakipiti, hupendi tena ulivyovipenda, au mawazo ya kufa yanakutembelea, hiyo huenda ni sonona, na sonona ni ugonjwa. Haimaanishi kwamba imani yako imepungua. Mwambie mtu mmoja leo, kisha nenda hospitali ukaseme waziwazi kama unavyosema unapoumwa malaria. Ukimwona mwenzako katika hali hiyo, usimwache peke yake na ushauri wa kuongeza mfungo. Msindikize.

Pa kuanzia

Usizichukue zote saba. Atakayeanza na zote ataziacha zote kabla ya mwisho wa mwezi. Chukua ya kwanza usiku wa leo, kwa sababu haina gharama. Baada ya wiki moja ongeza ya pili. Daftari lianze siku utakayopata fedha ya kulinunua. Ukiruka siku tatu, rudi siku ya nne bila kuomba msamaha kwa urefu. Jembe huwa halimuulizi mtu alikuwa wapi.

Novemba ya mwaka ule nilirudi kwa shangazi kumsaidia kubomoa. Tuta la kwanza lilipofunguka, lilitoa harufu ya mvua ya zamani. Ndani udongo ulikuwa mweusi, laini, minyoo ikitawanyika kukimbia mwanga. Shangazi aliuchota kwa viganja akautawanya, na mimi nikamfuata na mbegu. Kwenye tuta la tatu jembe langu lilikwama kwenye fungu la nyasi lililokuwa bado gumu, na mizizi yake myeupe iko hai. Nikamwonyesha, nikidhani atasikitika.

Aliligeuza mara mbili mkononi, akalikung'uta udongo.

"Hizi bado," alisema. "Ziweke pale ukingoni, zitangoja Februari."